Kutembea na Kutazama Ndege na Wanyama Kwenye Maziwa ya Bonde la Ufa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Naishi Naivasha, na haipiti wiki bila mtu kunipigia simu kuniuliza kuhusu maziwa yetu: aende lipi, atembee wapi, kuna hatari gani. Majibu ninayotoa kila mara nimeyaandika hapa. Maziwa ninayoyazungumzia ni Naivasha na Oloiden, Elementaita, Nakuru, Bogoria na Baringo, yote katika Bonde la Ufa nchini Kenya.

Kabla ya yote, jua hili: ziwa ulilolitembelea ukiwa mwanafunzi huenda halipo tena mahali lilipokuwa. Tangu mwaka 2010 hivi maji yamepanda katika maziwa haya yote. Kuna vijia, kambi, vyoo vya wageni na hata malango ya hifadhi ambayo sasa yako chini ya maji. Ramani ya zamani itakudanganya, hata ile ya kwenye simu mara nyingine. Anayejua maji yamefika wapi leo ni mvuvi au mwenye boti aliyeamka hapo asubuhi. Muulize.

Nina siku moja tu, natoka Nairobi. Niende wapi?

Njoo Naivasha, na ukifika Naivasha nenda Kisiwa cha Crescent. Ni kilomita 90 hivi kutoka Nairobi. Ukitoka saa kumi na moja alfajiri, saa mbili utakuwa ukingoni mwa ziwa ndege wakiwa bado katika pilikapilika zao za asubuhi. Matatu za Naivasha zinapatikana siku nzima. Ukishuka mjini, panda nyingine inayofuata barabara ya kusini mwa ziwa, zile za kuelekea Kongoni, umwambie kondakta akushushe unakovukia.

Wengi hunasa kwenye treni. Stesheni ya reli ya kisasa inayoitwa Naivasha haiko mjini Naivasha, iko upande wa Mai Mahiu na Suswa, mbali na ziwa. Ukishuka hapo utahitaji gari jingine, na asubuhi yako itaishia barabarani. Kwa safari ya siku moja, matatu au gari lako mwenyewe ni bora.

Ni kweli mtu anatembea kwa miguu katikati ya twiga?

Ni kweli. Crescent ni ukingo wa kreta ya volkano ya kale iliyozama, ndiyo sababu ardhi yake imejipinda kama mwezi mwandamo, na maji yaliyo ndani ya huo mkunjo ndiyo yenye kina kirefu kuliko kwingine kote ziwani. Maji yalipokuwa chini watu walikuwa wakivuka kwa nchi kavu. Siku hizi unavushwa kwa boti. Hakuna simba wala chui wanaoishi pale, kwa hiyo twiga, punda milia, nyumbu, kuro, pofu, swala pala na swala tomi wanalisha kwa utulivu usioujua ukiwa umezoea kuwatazama kupitia dirisha la gari.

Ngoja nikueleze inavyokuwa. Unapanda kilima kidogo, nyasi zimekufika magotini na bado zina umande. Mbele yako kuna twiga watatu. Unasimama. Mmoja anakugeuzia shingo, anakutazama kwa muda mrefu huku taya zikiendelea kutafuna, kisha anarudi kwenye majani yake. Unasikia ulimi wake ukivuta tawi. Hicho kisauti cha majani kukwanyuka ndicho hukisikii kamwe ndani ya gari, na mimi, baada ya miaka yote hii, bado nasimama kukisikiliza.

Usiwafuate, wala usiwazunguke kwa pande mbili. Ukiona mnyama ameacha kula na masikio yote mawili yamekuelekea, umeshakaribia mno. Rudi hatua kumi. Kisiwa ni mali ya watu binafsi na kiingilio hulipwa kando na nauli ya boti, kwa hiyo patana bei ya kuvuka, kusubiriwa na kurudishwa kabla hujaingia botini.

Na viboko je?

Afadhali umeuliza, maana hili ndilo swali ambalo wageni wengi hulisahau wakishaiona mandhari.

Kiboko hushinda majini mchana na hutoka usiku kula nyasi, wakati mwingine akatembea kilomita kadhaa kutoka ziwani. Kwa usiku mmoja anaweza kula kilo 40 za nyasi. Ana uzito wa zaidi ya tani moja, na usidanganywe na miguu yake mifupi: akiamua kukimbia atakupita. Hakuwindi. Anachotaka ni kurudi majini, na ukiwa umesimama kati yake na maji, wewe ndiye kizuizi. Ajali nyingi hutokea hivyo, alfajiri na magharibi, mtu anapopita njia ya kiboko bila kujua.

Kwa hiyo jifunze kuitambua njia yake. Ina mikondo miwili sambamba, kama alama za magurudumu, na katikati pameachwa tuta jembamba la nyasi, kwa sababu miguu ya kushoto na ya kulia iko mbalimbali. Huteremka moja kwa moja hadi majini, mara nyingi kupitia mwanya katika mafunjo. Pembeni utaona vichaka vimepakwa kinyesi hadi usawa wa kiuno chako, maana kiboko hutawanya kinyesi kwa mkia. Ukiona kinyesi bado kibichi, usifuate njia hiyo hata kama inakupeleka mahali pazuri pa kupiga picha.

Mwaka mmoja mimi mwenyewe nilichelewa kwenye ukingo wa Oloiden nikimtazama mdiria mkubwa akipiga samaki kwenye tawi. Jua lilikuwa limezama. Nikasikia pumzi nzito nyuma yangu, upande wa nchi kavu, mahali ambapo sikutarajia chochote. Kiboko alikuwa ameshatoka kitambo na nilikuwa nimesimama kwenye njia yake. Nilisogea kando polepole hadi nyuma ya shina la mgunga, nikakaa hapo bila kukohoa mpaka akapita. Tangu siku hiyo, saa kumi na mbili kasorobo jioni mimi niko mbali na maji, hata ndege awe mzuri vipi.

Majini pia kuwa mwangalifu. Nahodha mzuri huacha nafasi kubwa kati ya boti na kundi la viboko, na hapiti katikati yao na kina kirefu. Akisogea sana ili upate picha, mwambie waziwazi arudi nyuma. Ni haki yako.

Nataka kutembea mwendo mrefu zaidi. Kuna nini karibu?

Hifadhi ya Hell's Gate, kusini mwa ziwa. Ilianzishwa mwaka 1984, ina kilomita za mraba 68, na ni mojawapo ya hifadhi chache za taifa nchini ambako unaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli. Baiskeli hukodishwa kwenye njia panda ya barabara ya ziwa. Kagua breki na viti kabla ya kulipa, zungusha pedali, uiendeshe mita mia moja. Kutoka Lango la Elsa hadi kwenye korongo ni mwendo wa kilomita 8 hivi, katikati ya kuta za mawe mekundu ambako tumbusi hujenga viota, na ngiri na punda milia watakatisha mbele yako. Nyati pia wapo, kwa hiyo usiache njia ukaingia vichakani.

Kuhusu korongo lenyewe nasema kwa uzito. Ni bonde jembamba, na mvua ikinyesha mbali juu, hapo ulipo kukiwa kukavu na jua linawaka, maji yanaweza kushuka ghafla kama ukuta. Watu wamekufa humo, mwaka 2012 na tena mwaka 2019. Ukiambiwa korongo limefungwa, limefungwa. Ukiona wingu zito upande wowote, usishuke, hata kama umetoka mbali.

Oloiden ni nini, na mbona watu wanalitaja kando na Naivasha?

Oloiden ni ziwa dogo kusini-magharibi mwa Naivasha. Maji yakiwa chini hujitenga na kuwa ziwa lake lenyewe lenye magadi, na hapo heroe (flamingo) huweza kuja. Maji yakipanda huungana na Naivasha, magadi yanapungua, na heroe wanaondoka. Ndiyo maana rafiki yako mmoja atakuonyesha picha ya Oloiden ikiwa ya waridi, na mwingine atakuapia kwamba hajaona hata heroe mmoja. Wote wanasema kweli.

Mimi nalipenda kwa sababu nyingine: lina utulivu. Boti ni chache, na asubuhi unaweza kukaa chini ya mgunga wa gome la njano saa nzima bila kusikia injini.

Heroe wameenda wapi? Nilikwenda Nakuru sikuwaona.

Hili naulizwa kuliko yote, na mara nyingi kwa sauti ya huzuni. Babu zetu na wazazi wetu waliiona Nakuru ikiwa imezungukwa na utepe wa waridi, na picha hiyo bado iko kwenye kalenda.

Heroe mdogo, ambaye ndiye mwingi zaidi hapa, anakula mwani wa kijani-bluu ambao humea kwenye maji ya magadi. Huuoni mmoja mmoja kwa macho, unaona tu kwamba maji yamekuwa kama supu ya mchicha. Yeye huinamisha kichwa hadi mdomo ukawa juu chini, kisha ulimi unafanya kazi kama pampu: unavuta maji na kuyasukuma nje kupitia vichujio vidogo ndani ya mdomo, na mwani unabaki. Rangi yake ya waridi hutokana na chakula hicho. Sasa, mvua nyingi zikiingia Nakuru, maji ya magadi yanazimuliwa na mwani unapungua. Ziwa lililokuwa na kilomita za mraba 40 hivi likapita 60. Heroe hawakufa. Walihamia kwenye chakula, wengi wao Bogoria.

Na huhama usiku. Unalala ziwa likiwa limejaa, unaamka kuna manyoya tu kwenye tope. Kwa hiyo hakuna wa kukuhakikishia heroe kwa tarehe fulani. Piga simu kwa mtu aliye kwenye ziwa siku mbili kabla ya safari, na akikuambia wamepungua, mwamini.

Wengi pia huuliza vifaranga wako wapi. Heroe wadogo wa Afrika Mashariki huzaliana hasa Ziwa Natron, ng'ambo ya mpaka, Tanzania. Natron ikiharibiwa, hata maziwa ya huku yatabaki bila heroe.

Ukitaka kumtofautisha heroe mdogo na heroe mkubwa, tazama mdomo. Wa mdogo ni mwekundu uliokolea, kwa mbali unaonekana mweusi. Wa mkubwa ni wa waridi wenye ncha nyeusi, na mwili wake ni mweupe zaidi, shingo ndefu.

Kwa hiyo niende Bogoria?

Nenda, na ukipata nafasi ulale huko angalau usiku mmoja. Kutoka Nakuru unapitia barabara ya Marigat, kisha unakata kwenda Loboi. Ni chini kuliko Naivasha, kama mita 1,000 tu juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo joto ni kali. Kuanzia saa nne asubuhi utatafuta kivuli.

Bogoria ndilo ziwa ninalompeleka mtu ambaye anasema ameshaona maziwa yote. Ukuta wa bonde umesimama upande wa mashariki kama pazia, na ukingoni maji yanatokota kutoka ardhini, mvuke unapanda, heroe wako mita mia mbili kutoka hapo kama kwamba hakuna jambo. Baadhi ya chemchemi za zamani zimemezwa na ziwa, na nyingine utaziona zikibubujika ndani ya maji, duara jeupe juu ya uso wa ziwa. Watu huchemsha mayai. Ila ardhi inayozizunguka ni ukoko mwembamba: kanyaga pale walipokanyaga wenyeji, mshike mtoto mkono, wala usipime joto kwa kidole.

Saa za jioni, kwenye vichaka vya miteremko, tafuta tandala mkubwa. Dume ana pembe zilizojisokota na mistari myembamba myeupe ubavuni, na anasimama kimya kiasi kwamba unaweza kumpita ukidhani ni kivuli. Unaruhusiwa kutembea hapa. Chukua mwongozo wa kijiji, maana barabara ya ukingoni imekatika sehemu kadhaa na yeye ndiye anayejua njia ya juu.

Baringo ina tofauti gani?

Maji yake si ya magadi ingawa yana rangi ya udongo, na yana mamba pamoja na viboko. Kwa ndege ni hazina: zaidi ya aina 400 zimeorodheshwa katika eneo lake, na miamba iliyo upande wa magharibi ina ndege tofauti kabisa na wale wa ukingoni, ingawa unaifikia kwa dakika chache tu kutoka Kampi ya Samaki, mji mdogo wa ukingoni. Waongozaji wengi hapo walianza kama watoto waliokuwa wakichunga mbuzi, na wanamtambua ndege kwa mlio kabla hujafungua darubini. Nimetembea nao. Mmoja alinisimamisha chini ya mti, akanionyesha kitu nilichodhani ni gome. Kilikuwa bundi mdogo, amefumba macho, mita mbili kutoka usoni mwangu.

Wavuvi wa jamii ya Ilchamus bado hutengeneza vimashua vyao kwa miti myepesi inayoota ziwani, hukaa ndani miguu imelowa na kupiga kasia kwa mikono. Ukitaka kuwapiga picha, waombe kwanza.

Baringo ndiko pia walikookolewa twiga waliozingirwa na maji. Maji yalipopanda, mahali walipokuwa wakiishi pakageuka kisiwa kinachopungua kila mwezi. Kati ya Desemba 2020 na Aprili 2021 walivushwa wote tisa, mmoja au wawili kwa safari, kwenye jahazi bapa lililoundwa kwa ajili hiyo, hadi hifadhi ya jamii ya Ruko.

Elementaita inafaa kwa matembezi?

Inafaa sana, na wengi huipita kwa kasi kwenye barabara kuu ya Nakuru wakisema "tazama, ziwa lile." Ndiyo kosa. Visiwa vyake vya mawe vimekuwa mahali mwari weupe wanapotaga, na ukiwaona wakipanda hewani kwa duara, mamia kwa pamoja, mabawa yakigeuka meupe kisha meusi, utashukuru ulisimama. Tangu mwaka 2011 Elementaita, Nakuru na Bogoria zimo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ukingo mwingi ni ardhi ya watu, kwa hiyo pitia kwenye kambi au hifadhi inayokubali wageni, ulipe ada ndogo, utembee.

Naweza kutembea ndani ya Hifadhi ya Nakuru?

Hapana, isipokuwa sehemu zilizowekwa za kushukia kama vile kwenye maporomoko na majabali ya kutazamia. Kuna vifaru, simba na nyati. Nenda kwa gari, na uende kwa ajili ya vifaru hao, si kwa ajili ya heroe wa kwenye kalenda.

Miezi gani ni mizuri?

Kwa ndege, Novemba hadi Machi, kwa sababu wageni kutoka Ulaya na Asia huwa wamefika, kuanzia mbayuwayu hadi ndege wadogo wa tope wanaokimbia kwenye ukingo kama wamechelewa kazini. Kwa kutembea bila tope, Januari, Februari, na Juni hadi Septemba. Mvua za masika, Machi hadi Mei, hufanya barabara za Baringo na Bogoria kuwa ngumu, lakini milima inakuwa ya kijani na bei za malazi hushuka. Juni na Julai asubuhi Naivasha ni baridi kweli, mita 1,880 na zaidi juu ya bahari. Njoo na sweta.

Nahitaji darubini? Na nitajuaje majina ya ndege?

Darubini ndiyo ununue kabla ya kamera, kama unaweza kununua kimoja tu. Iliyoandikwa 8x42 inatosha kabisa: inavuta mara nane na inaingiza mwanga wa kutosha alfajiri. Zile za kuvuta mara ishirini zinazouzwa barabarani hutikisika hata ukishusha pumzi.

Majina, anza na machache. Ndani ya saa ya kwanza Naivasha utakutana na hawa: furukombe (tai mwenye kichwa cheupe anayerusha kichwa nyuma akilia), mnandi mweusi aliyetandaza mabawa kuyakausha, mwari, koikoi, yangeyange, kwarara, domomwiko, ambaye mdomo wake ni mwiko kweli, na mdiria mweusi na mweupe anayesimama hewani kama helikopta kabla ya kujitupa majini. Kariri hao wanane. Wa tisa atakuwa rahisi. Ukiwa Nairobi, shirika la Nature Kenya huwa na matembezi ya ndege kila Jumatano asubuhi kuanzia Makumbusho ya Taifa. Ni shule nzuri kuliko programu yoyote ya simu.

Mwenye boti anasema atamwita tai kwa samaki. Nikubali?

Utaona wanavyofanya: samaki anatiwa kipande cha bua la mafunjo mdomoni ili asizame, mwenye boti anapiga mluzi, anamrusha, na furukombe anashuka kutoka juu ya mgunga, kucha mbele, anamnyakua. Inapendeza, siwezi kukataa. Ila mimi siombi. Tai huyo anajua kuvua, na nimemwona akivua mwenyewe, baada ya kumngoja dakika arobaini, na nilichokiona siku ile bado ninacho kichwani kuliko mara kumi za mluzi. Mpe mwenye boti pesa za samaki huyo na umwambie mngoje. Hatapata hasara, na ataelewa kwamba wapo wateja wa namna hiyo.

Boti panda asubuhi. Jina la Naivasha limetokana na neno la Kimaasai kuhusu maji yenye mawimbi, na hawakulitunga bure: mchana upepo unaamka na ziwa linabadilika kwa nusu saa. Vaa jaketi la kuokolea maisha, ulifunge, hata kama ni joto.

Nina watoto, na mama yangu ana miaka sabini. Tutaweza?

Crescent wataweza, ni mwendo mpole na unaweza kurudi wakati wowote. Mama akichoka, bustani nyingi za ukingoni zina vivuli na mbega kwenye miti. Waweke watoto mbele yako, si nyuma, karibu na maji. Korongo la Hell's Gate siwapeleki watoto wadogo.

Malipo?

Hifadhi za KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) hulipwa kwa mtandao wa eCitizen, si fedha taslimu langoni. Lipa ukiwa bado una intaneti nzuri. Viwango hubadilika, viangalie hapo hapo. Bogoria iko chini ya Kaunti ya Baringo na ina utaratibu wake. Waongozaji na wenye boti hupokea M-Pesa.

Malaria na kuogelea?

Bogoria na Baringo kuna malaria, lala ndani ya neti na uone daktari kuhusu kinga kabla ya safari. Kuogelea, hapana, ziwa lolote kati ya haya.

Mbona naona miti mikavu imesimama ndani ya ziwa?

Hiyo ni migunga iliyokuwa nchi kavu. Maji yalipopanda yalifunika mizizi, ikafa imesimama. Wataalamu wanaeleza kwamba sababu kubwa ni mvua kuongezeka kwenye vyanzo vya mito, na mashamba ya milimani, pamoja na uharibifu wa misitu, yameongeza udongo na maji yanayoteremka kwa kasi. Wengine wanataja pia mabadiliko ya ardhi chini ya bonde. Naivasha inapokea Malewa na Gilgil, na haina mto unaotoka juu ya ardhi.

Kwa mnandi, miti hiyo imekuwa maghorofa: hesabu viota kwenye mti mmoja mkavu, utafika ishirini. Kwa watu ni jambo jingine. Mtaa wa Kihoto, hapa mjini, ulifurika mwaka 2020 na tena mwaka 2025, na nimewaona majirani wakihamisha magodoro kwa boti zile zile zinazobeba watalii. Ukipita kwa boti juu ya paa la nyumba, au ukaona choo kimesimama peke yake majini, usiombe kusogezwa karibu upige picha ukicheka. Mwenye boti huenda alikuwa na chumba hapo.

Nimependa. Naweza kusaidia vipi?

Lipa mwongozo wa kijijini hata kama unadhani unaijua njia. Beba chupa zako urudi nazo, maana mafunjo yananasa plastiki na koikoi hulisha humo humo. Na kama unaweza, njoo Januari. Kila mwaka mwezi huo ndege wa majini huhesabiwa kwenye maziwa haya, kazi inayoongozwa na Makumbusho ya Taifa pamoja na wenzao, na watu wa kujitolea hupokelewa. Tunaanza kabla jua halijachomoza, kila kundi na sehemu yake ya ukingo. Usiogope kwamba hujui majina: utapangwa na mtu anayejua, yeye atashika darubini na kutaja, nawe utashika karatasi na kuandika. Lete penseli, kalamu ya wino ikilowa umande haiandiki.